Jua Halingoji Tarehe 13 Juni: Mwongozo wa Kuwasaidia Watu Wenye Ualbino

Tarehe 13 Juni kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza Desemba 2014, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Siku hiyo hapa kwetu kuna maandamano, fulana, hotuba na picha za viongozi wakikabidhi maboksi ya mafuta ya kukinga jua. Tarehe 14 Juni jua linachomoza kama kawaida, na mtoto mwenye ualbino anatembea kwenda shule akiwa kichwa wazi.

Wengi wetu tuliujua ubaya unaowapata watu wenye ualbino kupitia habari za mauaji. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania ilitikiswa na mashambulizi ya watu waliodanganywa na waganga kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Mwaka 2024 tulishtuka tena, pale mtoto mdogo mwenye ualbino aliponyakuliwa kutoka kwao wilayani Muleba, mkoani Kagera, na mwili wake ukapatikana wiki chache baadaye. Hasira tuliyoipata ilikuwa ya haki. Lakini lipo jambo jingine linaloua bila kishindo, na halitangazwi redioni. Umoja wa Mataifa umeitaja saratani ya ngozi kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya mapema vya watu wenye ualbino barani Afrika. Saratani hiyo huletwa na jua, na kwa sehemu kubwa inazuilika.

Ukiwa unawajali watu wenye ualbino na unataka kujua ushike wapi, shika kwanza kwenye jua. Huhitaji kuwa tajiri, daktari wala mwanasiasa. Unahitaji kujua mambo machache kwa usahihi, kisha kuyafanya mwaka mzima.

Ualbino ni nini

Ualbino ni hali ya kurithi inayoufanya mwili utengeneze melanini kidogo sana, au usiitengeneze kabisa. Melanini ndiyo inayoipa ngozi, nywele na macho rangi, na ndiyo inayoikinga ngozi na mionzi mikali ya jua. Kwa hiyo mtu mwenye ualbino ana mahitaji mawili makubwa ya kiafya: ngozi yake haina kinga ya asili dhidi ya jua, na macho yake yana uoni hafifu. Akili yake, nguvu zake na uwezo wake wa kuzaa havihusiki.

Mtoto huzaliwa na ualbino pale anaporithi jeni ya hali hiyo kutoka kwa mama na kutoka kwa baba. Mzazi anaweza kuwa mweusi wa kung'aa na bado akawa amebeba jeni moja bila kujua, kwa kuwa jeni moja haionekani kwa macho. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ualbino. Uwezekano huo hauongezeki wala haupungui kutokana na watoto waliotangulia. Wanaweza kuzaa watatu wenye ngozi nyeusi, wa nne akawa na ualbino. Wanaweza pia kuanza na wawili mfululizo wenye ualbino.

Maelezo haya yana kazi kubwa kuliko somo la baiolojia, kwa sababu wako wanawake waliofukuzwa na waume zao kwa tuhuma kwamba walizaa na Mzungu, au kwamba walileta mkosi kwenye ukoo. Ukweli ni kwamba bila mchango wa baba, mtoto huyo asingekuwa na ualbino. Kungwi, mkunga, shehe, padri, mchungaji na mwenyekiti wa kijiji wakiyaeleza haya waziwazi, wanaokoa ndoa na wanamwokoa mtoto.

Afrika Mashariki ina watu wengi wenye ualbino kuliko sehemu nyingi za dunia. Makadirio yanayotumika kwa Tanzania ni mtu 1 katika kila watu 1,400 hivi, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini ni mtu 1 katika watu 17,000 hadi 20,000. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Kwa hesabu hizi, kuna uwezekano mkubwa kwamba yupo mmoja katika kata yako, shule ya mwanao au nyumba yako ya ibada.

Kinga ya kwanza: kivuli na nguo

Watu wengi wakisikia habari ya kuwakinga watu wenye ualbino hufikiria mafuta. Mafuta yanasaidia sana, lakini ni ghali, yanaisha na hayapatikani kila duka. Kivuli, kofia na nguo hukinga kila siku bila kuisha. Anza na hivyo.

Saa za hatari zaidi ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kazi za nje zikiweza kufanywa mapema asubuhi au jioni, zihamishwe. Usidanganywe na hali ya hewa. Mawingu hayazuii mionzi yote, na baridi haimaanishi kwamba jua ni dogo. Katika nyanda za juu kama Njombe, Arusha au Nyandarua mtu anaweza kuvaa sweta na bado ngozi ikaungua, kwa sababu kadiri unavyopanda juu, ndivyo mionzi inavyozidi ukali. Pwani na kandokando ya ziwa, maji na mchanga huirudisha mionzi juu, hivyo mvuvi au mwanika dagaa huchomwa kutoka juu na kutoka chini.

Kofia inayofaa ni ya pama, yenye ukingo mpana wa kuzunguka pande zote, angalau sentimita 7. Kapelo haitoshi: inafunika paji la uso na kuacha wazi masikio, shingo na sehemu za mashavu. Masikio na shingo ni miongoni mwa sehemu ambazo saratani huanzia mara nyingi. Kofia iliyosukwa kwa ukindu au miyaa inafaa ikiwa imesukwa kwa kubana. Iinue juani utazame. Ukiona vijitundu vya mwanga vinapenya, mionzi nayo inapenya.

Nguo ziwe za mikono mirefu, suruali ndefu au sketi inayofika chini, na kitambaa kizito kilichofumwa kwa kushikana. Kitenge kizito hukinga vizuri kuliko khanga nyepesi iliyochakaa. Rangi za giza huzuia mionzi zaidi kuliko nyeupe. Nguo iliyolowa hupitisha mionzi zaidi kuliko iliyo kavu, kwa hiyo anayefua au kuvua samaki awe na ya kubadilisha. Asisahau soksi na viatu vya kufunika: sehemu za juu za nyayo huungua vibaya kwa wanaovaa kandambili.

Mwavuli wa kawaida nao ni kinga. Mama anayembeba mtoto mgongoni akitembea na mwavuli anakuwa amefanya tiba bila kwenda duka la dawa.

Mafuta ya kukinga jua

Mafuta haya yana kazi ya kulinda sehemu ambazo nguo haifiki: uso, masikio, shingo, midomo na mikono. Unapoyanunua, soma kwenye chupa au kopo. Tafuta herufi SPF zikifuatiwa na namba 30 au zaidi, na maelezo kwamba yanakinga dhidi ya mionzi ya UVA na UVB. Angalia pia tarehe ya kuisha muda.

Namna ya kuyatumia ni hii. Yapakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka nje. Yapakwe kwa wingi, yasipakwe kama manukato. Yarudiwe kila baada ya saa mbili, na pia baada ya kutoka jasho jingi, kunawa au kuogelea. Usiku hayana kazi, kwa hiyo yasipotezwe. Kopo lihifadhiwe kivulini, kwa sababu joto huyaharibu.

Mafuta ya mgando, ya nazi, ya alizeti na losheni za kawaida hulainisha ngozi tu; hayakingi. Krimu za kung'arisha ngozi ni hatari na zisitumiwe kabisa. Na mtu asijione amepata kibali cha kushinda juani kwa kuwa amejipaka. Mafuta ni nyongeza juu ya kofia na nguo.

Tanzania ina jambo la kujivunia hapa. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino katika mazingira ya joto letu. Nchini Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa serikali unaowapatia waliosajiliwa mafuta ya kukinga jua bila malipo. Ukimfahamu Mkenya mwenye ualbino ambaye hajajisajili, msaada wako wa kwanza uwe kumsindikiza kwenye ofisi ya baraza hilo katika kaunti yake.

Alama za hatari kwenye ngozi

Saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino mara nyingi hukua polepole. Hiyo ni nafasi ya kuokoa maisha ambayo tunaipoteza kwa kuchelewa. Ikigunduliwa ikiwa ndogo, huondolewa kwa upasuaji mdogo na mtu akaendelea na maisha yake. Ikiachwa miezi na miaka, hula nyama hadi mfupa, na matibabu yake yanakuwa makubwa, ya mbali na ya gharama.

Mtu mwenye ualbino, au mzazi wake, aikague ngozi yote kila mwezi mahali penye mwanga mzuri, na apate wa kumtazamia mgongo, kisogo na nyuma ya masikio. Aende kituo cha afya akiona mojawapo ya haya:

- kidonda kisichopona kwa wiki nne;
- kidonda kinachopona kisha kinarudi palepale;
- kigamba kigumu au sehemu inayokwaruza isiyoondoka;
- uvimbe au kinyama kinachokua;
- sehemu inayotoa damu kwa kuguswa kidogo;
- midomo yenye nyufa au vidonda vya kudumu.

Vigamba vigumu vya mwanzoni bado si saratani, lakini vikiachwa vinaweza kugeuka. Katika kliniki za ngozi hutibiwa kwa kugandishwa kwa naitrojeni ya baridi kali, kazi ya dakika chache isiyohitaji kulazwa. Ndiyo maana ni vyema kila mtu mwenye ualbino achunguzwe na mtaalamu wa ngozi angalau mara moja au mbili kwa mwaka, hata kama haumwi popote.

Kidonda kisichopona kisiitwe kidonda ndugu kikaachiwa dawa za kupaka za dukani. Na mgonjwa asiambiwe kwamba ni kawaida ya ngozi yake. Hakuna ngozi ambayo kawaida yake ni kuoza. Kikwazo kikubwa kwa wagonjwa wengi wa vijijini ni nauli ya kufika hospitali yenye mtaalamu, kama KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza au Ocean Road jijini Dar es Salaam inayotibu saratani. Nauli ya kwenda na kurudi kwa mgonjwa mmoja na msindikizaji wake ni mchango ambao familia, jumuiya ndogondogo au kikundi cha vikoba kinaweza kuumudu. Akifika hospitali, aonane na afisa ustawi wa jamii kuhusu utaratibu wa msamaha wa gharama.

Mtoto mchanga

Mila yetu ya kumwotesha mtoto jua la asubuhi inatoka kwenye nia njema, lakini mtoto mwenye ualbino isimhusu. Asianikwe juani hata kidogo. Chini ya umri wa miezi sita hata mafuta ya kukinga jua hayapendekezwi kwa ngozi yake. Akingwe kwa kivuli, nguo nyepesi zinazomfunika na kofia. Akitimiza miezi sita anaweza kuanza kupakwa mafuta.

Macho yake yanaweza kuonekana yakichezacheza yenyewe. Si kifafa wala si jini. Ni sehemu ya hali yake, na mara nyingi hupungua kadiri anavyokua. Apelekwe kliniki ya macho mapema, ndani ya miaka yake ya kwanza.

Mama aliyejifungua mtoto wa namna hii anahitaji watu wa kumjia kama wanavyomjia mzazi yeyote: na uji, na kanga, na hongera. Mkunga atakayemwambia palepale wodini kwamba mtoto wake ni mzima, kisha akamweleza kuhusu jua na macho, amempa mwanzo ambao mama hatausahau. Jirani atakayembeba mtoto huyo mbele za watu ametoa somo kwa mtaa mzima.

Darasani

Watoto wengi wenye ualbino huitwa wazito wa kuelewa kumbe hawauoni ubao. Miwani huwasaidia baadhi yao, na inafaa wapimwe, lakini kwa kawaida haiwarudishii uwezo kamili wa kuona mbali. Kwa hiyo mwalimu ndiye mwenye ufunguo, na anachotakiwa kufanya hakihitaji bajeti ya wizara.

Mtoto akae safu ya mbele, katikati, akiwa ameupa dirisha mgongo, kwa sababu mwanga mkali humuumiza. Aruhusiwe kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa kila mara. Mwalimu asome kwa sauti kile anachokiandika. Ubao upakwe rangi vizuri ili chaki ionekane. Mtoto apewe kitabu chake peke yake, kwa sababu wakisoma watatu kitabu kimoja yeye hawezi kukisogeza karibu na macho. Akisoma kwa kuinamia daftari hadi pua iguse karatasi, asikatazwe. Hilo haliharibu macho yake.

Lenzi ya kukuza maandishi humsaidia kusoma, na darubini ndogo ya mkononi humsaidia kuona ubaoni. Mwanafunzi wa ngazi ya juu anaweza kutumia kamera ya simu kupiga picha ubao na kuikuza, shule ikikubali. Kwa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, lakini ni lazima shule imsajili mtahiniwa kwa hali hiyo mapema. Mzazi aulize jambo hili mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, asingoje wiki ya mwisho.

Nje ya darasa, sare ya shule ibadilishwe kwa ajili yake: mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia ya pama inayoruhusiwa hata mstarini. Kazi za shamba na usafi apewe za kivulini. Asiadhibiwe kwa kusimamishwa juani. Kwake hiyo ni sumu. Michezo asinyimwe, ipangwe asubuhi mapema au jioni. Na wanafunzi wenzake waelezwe hali yake siku za mwanzo kabisa, kwa lugha rahisi, ili wajue kwamba haambukizi na kwamba ni rafiki kama wengine. Aitwe kwa jina lake.

Usalama wake ni kazi ya mtaa

Hatari ya kushambuliwa haijaisha, ingawa imepungua mahali pengi. Mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya kwamba kipindi cha uchaguzi kinaweza kuongeza hatari, kwa kuwa wapo wanaotafuta ushindi kwa ushirikina. Katika matukio kadhaa ndugu na watu wa karibu wametajwa miongoni mwa watuhumiwa. Kwa sababu hiyo, ulinzi usiachiwe familia peke yake.

Mwenyekiti wa kijiji au mtaa ajue nyumba zenye watu wenye ualbino na awe na namba zao za simu. Watoto waende shule kwa makundi, wasipite njia za vichakani peke yao. Mgeni anayeulizia habari za mtoto mwenye ualbino, anayetaka kumpiga picha au kumpa fedha, aripotiwe. Minong'ono ya bei za viungo isichukuliwe kuwa mzaha wa kijiweni. Aliyeisikia aipeleke polisi. Namba ya dharura ya polisi ni 112 nchini Tanzania. Kwa habari za mtoto aliye hatarini, namba ya simu 116 inapigwa bure Tanzania na Kenya.

Pia zipo imani zisizoua kwa panga lakini zinaumiza: kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka, kwamba kumgusa kunaleta bahati, kwamba kufanya naye ngono kunaponya ukimwi. Hii ya mwisho imesababisha wanawake na wasichana kubakwa. Ukiisikia imani ya aina hiyo mbele yako, ikatae hapohapo, kwa sauti. Ukimya wa watu wema ndio unaoipa nguvu.

Baada ya mauaji ya mwaka 2006 na kuendelea, watoto wengi walipelekwa kwenye shule za bweni kama Buhangija mjini Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi. Ziliwaokoa, na waliowalea wanastahili shukrani. Lakini mtoto aliyekaa bwenini miaka mingi bila kumwona mama yake amepoteza kitu kikubwa. Pale usalama unaporuhusu, msaada unaomwezesha mtoto kulelewa kwao, au angalau kwenda likizo na kutembelewa na wazazi, ni bora kuliko kuongeza kitanda kingine bwenini.

Kazi ya kivulini

Mkulima mwenye ualbino yuko shambani saa zilezile ambazo jua linamuua. Hali kadhalika machinga anayetembeza bidhaa na kijana wa bodaboda. Kumwezesha kupata kazi ya ndani ni kumkinga na saratani kwa miaka yote iliyobaki: ushonaji, duka, saluni, uokaji, ufundi simu, ukatibu, ualimu, redio, kazi za kompyuta.

Nchini Tanzania, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Watu wenye ualbino wanahesabiwa katika kundi hilo la mwisho. Mtu mwenye uoni hafifu aliyeachiwa fomu ndefu zenye maandishi madogo huishia njiani. Msaidie kuzijaza, na mfuatane hadi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kama wewe ni mwajiri, mpe kazi mtu mwenye ualbino anayefaa kwa sifa zake, kisha mpe meza iliyo mbali na dirisha lenye jua, na kompyuta yenye maandishi yaliyokuzwa. Mifano ya watu wenye ualbino waliofanya kazi kubwa ipo tayari. Salum Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge mwaka 2010. Dk. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, na baadaye akawa balozi wa Tanzania nchini Ujerumani. Mumbi Ngugi ni jaji wa Mahakama ya Rufani ya Kenya.

Ukitaka kutoa fedha au vitu

Kwanza uliza. Familia moja inahitaji mafuta, nyingine ina mafuta tele na haina nauli ya kliniki. Mchango usioulizwa mara nyingi huishia stoo.

Pili, ukinunua vitu, nunua vinavyofaa: kofia za pama badala ya kapelo zenye nembo ya kampuni yako, mashati ya mikono mirefu badala ya fulana. Mafuta yawe na muda wa kutosha kabla ya kuisha; kopo lililobakiza mwezi mmoja ni mzigo. Walioko ughaibuni wakitaka kutuma mafuta, waulize kwanza hospitali au chama kitakachopokea, na walinganishe gharama ya kusafirisha na gharama ya kununua yanayotengenezwa hapa.

Tatu, toa kidogo kidogo lakini kwa kudumu. Kopo la mafuta huisha. Mtoto aliyepewa kopo moja Juni anakuwa hana kinga Agosti. Ni heri kikundi cha watu 10 kimhudumie mtu mmoja kwa mwaka mzima kuliko kuwagawia watu 50 siku moja.

Nne, jua unampa nani. Vipo vyama vya watu wenye ualbino wenyewe, kama Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania. Yapo mashirika kama Under the Same Sun, lililoanzishwa mwaka 2008 na Peter Ash, Mkanada ambaye naye ana ualbino, na Standing Voice, linaloendesha kliniki za ngozi na macho nchini Tanzania. Kwa shirika lolote, liwe kubwa au la mtaani kwenu, omba kuona cheti cha usajili na taarifa ya matumizi ya mwaka uliopita. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la taasisi, si ya mtu binafsi, na udai risiti. Wanaostahili kuaminiwa hawakasiriki wakiulizwa.

Tano, linda heshima ya unayempa. Usimpige picha mtoto akipokea kopo la mafuta na kuisambaza ikiwa na jina lake na la kijiji chake. Picha hiyo inamdhalilisha, na inaweza kuwaonyesha wenye nia mbaya mahali alipo.

Anza wiki hii

Huna haja ya kusubiri Juni. Mtafute mtu mmoja mwenye ualbino katika mtaa, shule au jumuiya yako. Msalimie, mfahamu, kisha muulize mambo matatu: una kofia ya pama? Ngozi yako ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Ubaoni, au kazini, unaona vizuri? Majibu yake yatakuonyesha pa kuanzia. Kama wewe ni mwalimu, mbadilishie kiti kesho asubuhi. Kama una kikundi, wekeni jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao na mteue mtu wa kulifuatilia. Saratani ya ngozi inazuilika, na kila kifo tunachoweza kukizuia tukakiacha kitokee ni deni letu sote.